Kabla Hujanikana Kule Ipinda

Tusekile mwanangu,

Umelala, au unajifanya umelala ili nisikuulize. Chakula cha njiani umekifunga mwenyewe, nguo umezikunja, na hao mtakaopanda nao milimani wanaijua njia kuliko mimi. Mambo ya kula, kuvaa na kuvuka mito sitayagusa.

Jana jioni uliniomba ruhusa. Uliniomba ukiwa umenipa mgongo, unapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Ulisema Mwalimu Yeremia anataka Jumapili, mkiwa Ipinda, usimame mbele ya Wakristo wote useme kwamba umeiacha kazi ya mama yako. Kwamba kugonga vyungu misibani ni kazi ya giza, na hutaishika tena. Ukisema hivyo utakwenda nao misheni ya juu, utaongoza kwaya, utasomeshwa. Usiposema, utarudi Ngana na mzigo wako. Ukaniuliza, "Mama, niseme?"

Sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa natafuta jibu la kweli, na kwangu hilo huchelewa. Naliandika kwa sababu nikilisema utanikatiza kwa kulia. Na naliandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu kwa Kikisi, lugha ya mama yangu, nitalia mimi, na kwa Kinyakyusa, lugha ya baba yako, nitakuwa na adabu mno.

Nilizaliwa ufukweni, chini ya milima ile inayoingia ziwani, ambako shamba ni ukanda mwembamba na watu huishi kwa samaki na vyungu. Bibi yako alikuwa mfinyanzi. Chungu kikitoka motoni na kupoa, alikigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hukohoa. Kilichokohoa alikivunja hapo hapo, kisiende kumwaibisha kwa watu wa bara, ambao tuliwapelekea vyungu kwa mtumbwi nao wakatulipa nafaka ya kujaza kile kile walichochukua. Chungu changu cha kwanza alikivunja. Cha pili pia. Nilimwambia cha pili nilikisikia kikilia vizuri. Akanitazama akasema, "Ulitaka kukisikia hivyo." Kisha akanipa vigae nikavitupe. Sijapata mwalimu mwingine wa muziki, na sikumpenda kwa siku nyingi.

Baba yako alinioa kwa ng'ombe akanipeleka Bujonde. Wewe umekulia misheni na hapa Ngana, kwa hiyo hujui mkwe ni nini. Mwanamke wa Kinyakyusa hamwoni baba wa mumewe, wala haonwi naye. Akimsikia anakohoa njiani, huingia migombani na kujifunika kichwa mpaka apite. Jina lake halitamki. Jina la babu yako huyo sijalitamka mpaka leo, na hapa sitaliandika.

Sasa mazishi ya kule ni ngoma. Watu hulia, kisha ngoma hupigwa, wanaume hucheza na mikuki, na jua likishuka hata wasichana wamekwisha kuanza kucheka. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni na wanawake wengine, tunaomboleza mke mwenza wa mama mkwe wangu. Palikuwa na vyungu vya maji. Nikaanza kukipiga kimoja mdomoni kwa kiganja, kingine ubavuni kwa vidole, nikipunguza maji mpaka kila kimoja kikawa na sauti yake. Nje, ngoma zilinyamaza moja moja. Wapigaji walikuwa wanasikiliza.

Tangu siku hiyo niliitwa kila msiba. Lakini babu yako hakukosa msiba hata mmoja, na alikaa mbele kwa heshima yake. Hivyo walinijengea kizuizi cha majani ya migomba, nikawa nakaa nyuma yake na vyungu vyangu. Mbele ya majani alikaa kaka wa baba yako, Mwangoka, na ngoma kubwa. Yeye alinifuata mimi, lakini watu waliona mikono yake. Wageni wa mbali walisema kuna mtu Bujonde ngoma yake inaongea kama maji. Ng'ombe alipochinjwa, paja lilikwenda kwa Mwangoka, mimi nikaletewa utumbo. Nilipolalamika alicheka sana, kwani hakuwa mtu mbaya, akasema, "Shemeji, wewe ni tumbo la ngoma yangu. Nani huangalia tumbo?" Wanawake wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Nilikubali hivyo kwa miaka, na si kwa sababu walinifunga kamba. Nilipenda kusikiwa kuliko nilivyochukia kufichwa. Na kidogo kidogo Mwangoka akanibadilisha mkono. Mimi nilikuwa na desturi ya kuacha kimya katikati ya mapigo, kimya kirefu, msikilizaji asijue kama kuna pigo lingine linakuja. Mwangoka alisema kimya kile kinawashusha wachezaji miguu. Nikakitoa. Akataka haraka, nikaenda haraka. Sifa zikaongezeka. Nilikuwa napiga vizuri kitu ambacho singekaa kukisikiliza, na hilo nililijua, nikaendelea.

Kisha akafa mwanamke mwingine wa ufukweni, aliyeolewa kijiji kile kile, mwenzangu wa kuongea Kikisi. Alikufa kwa kipigo cha mumewe. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema homa. Siku ya mazishi mume yule alicheza mbele kabisa, na mkuki, na majivu usoni, akiruka kama aliyefiwa kweli. Mwangoka alinigongea kwa kijiti kupitia majani: haraka, haraka, anaruka.

Nikaacha kupiga. Nikabeba chungu kikubwa, nikayasukuma majani, nikatoka. Kichwa changu kilikuwa wazi. Nikakaa chini katikati ya uwanja nikapiga maombolezo ya kwetu, taratibu, na kimya changu nikakirudisha. Katika kimya cha kwanza mume yule alibaki na mguu juu, hajui aushushe wapi, na watu wote wakamtazama. Nikaimba jina la marehemu na mkono wa aliyemuua. Ndipo babu yako aliponyanyuka. Alijifunika uso kwa nguo yake, akanipa mgongo, akaondoka huku anapapasa njia kama kipofu. Wanawake walipiga kelele ambayo bado naisikia. Mkamwana amemtokea mkwe.

Ningependa uamini kwamba nilitoka kwa ajili ya yule mwanamke. Nusu ni hivyo. Nusu nyingine, nilitaka waone mikono ni ya nani.

Wazee hawakunitesa. Walisema ng'ombe achinjwe, niombe radhi, nirudi nyuma ya majani, na mambo yaishe. Baba yako alinibembeleza nyumbani siku nyingi. Alikuwa mtu laini, na wewe umechukua macho yake. Alisema, "Mama Tusekile, rudi. Ni majani tu."

Nikamwambia, "Kama ni majani tu, yaondoeni."

Akasema ninaongea kama mtu asiye na watoto.

Unajua ulikuwa na mdogo wako, lakini sijawahi kukusimulia. Alikuwa bado ananyonya. Walikuwa wakisema mwiko wa mkwe hulipwa na watoto, na mwezi ule ule akashikwa na homa. Homa ya bonde, ile inayochukua watoto wa waliotii na wasiotii. Lakini nani angenisikiliza? Mama mkwe wangu alikuja mlangoni, akamtazama mtoto, akanitazama, akasema angali na nafasi ya kuponywa, niende tu nikaseme nimekosa. Mtoto alikuwa mapajani mwangu anapumua kwa shida. Mimi nilijua homa haisikii maneno. Sikwenda. Alikufa asubuhi. Mtoto wa umri ule hapigiwi ngoma, na hata angepigiwa, mimi nilikatazwa kugusa chungu. Alizikwa nyuma ya nyumba huku wanawake wananitazama mikono.

Baada ya hapo walinirudisha kwetu. Na hapa nakuandikia jambo ambalo utanichukia kwalo, lakini ni bora ulijue kutoka kwangu. Umekuwa ukiamini baba yako alikupa kwangu kwa sababu alinipenda. Watoto wa mwanamke aliyetolewa ng'ombe ni wa baba, hilo unalijua. Wewe pia ulikuwa na homa siku ile. Waliona utafuata. Hakuna aliyetaka uwafie mikononi. Baba yako alisema, "Mchukue na huyo, amekwisha kuguswa." Hukupewa. Ulitupwa, na mimi nikakuokota.

Ufukweni mama yangu hakunifungulia mlango. Alisema ng'ombe wa mahari wamekwisha kumwozesha kaka yangu, hawezi kuwarudisha, na kwamba mtu aliyepasuka hapelekwi sokoni mara mbili. Alinipa samaki waliokaushwa, tukarudi bondeni kwa miguu, wewe mgongoni, nikihesabu pumzi zako.

Misheni walitupokea. Hilo nitalisema bila hila yoyote: walitupokea, wakakutibu, wakanifundisha kusoma. Kusoma kulinipa watu wa kuongea nao usiku, wakati hakuna mtu aliyetaka kuongea nami mchana, na kitabu chochote kilichofika bondeni, cha dini au cha hesabu za mazao, nilikisoma mpaka jalada. Nikaingizwa kwaya. Nilifurahi mno. Nilisema sasa nitasimama mbele ya watu na uso wangu wazi na sauti yangu ndani ya uso huo.

Waliniweka nyuma, karibu na mlango. Kisha ikaja habari kwamba mkubwa wa boma atapita na askari wake kutazama shule. Mwalimu Yeremia, aliyekuwa kijana bado, alinifuata pembeni kwa upole. Mtu yule ana upole mwingi. Usiuogope, lakini usiukabidhi kitu. Alisema, "Mama Tusekile, sauti yako ina mchanga. Siku ya wageni fungua kinywa tu. Usitoe kitu."

Nikafungua kinywa. Si siku ya wageni peke yake. Nilifungua kinywa msimu baada ya msimu, nikavuta pumzi pale wenzangu walipovuta, nikanyanyua kifua, nikatoa hewa. Nilifanya hivyo kwa sababu wewe ulikuwa unapata uji na kibao cha kuandikia. Hayo ninayaandika uyajue, usinilipe kwayo. Kule Bujonde walinisikia wakanificha. Pale walinionyesha wakaninyamazisha. Na nitakuambia kipi kilikuwa kibaya zaidi: cha pili, kwa sababu nilianza kukizoea. Ilifika siku nikiwa peke yangu mtoni nikataka kuimba, na kinywa kikafunguka, na hakuna kilichotoka.

Mkubwa mwingine wa boma alipokuja, nyimbo zilipokwisha alisifu kwaya yote, kisha akanyoosha kidole kwangu, nyuma kabisa, na mkalimani akatafsiri: yule mama anaimba kwa moyo wote. Nikacheka. Nilicheka kanisani, mbele ya Wazungu, mpaka nikakaa chini. Hawakuwa na njia ya kunisamehe kicheko kile na mimi sikuwa na njia ya kukieleza. Tukatoka.

Nilikuja Ngana kwa kuwa hapa hakuna aliyekuwa na haja nami. Udongo wa hapa ni mbaya, una mizizi na changarawe, na vyungu vyangu vya mwanzo vilipasuka motoni vyote. Unakumbuka walivyoniita bibi wa vigae. Unakumbuka pia nilivyokuwa nikikupiga ukigusa udongo kabla haujapondwa. Hilo nalikumbuka zaidi yako. Niligonga vyungu vibovu misimu mingi, nikijaribu kuvifanya vilie kama vya ufukweni, na havikulia. Siku niliyoacha kuvitaka vya ufukweni, nikasikia sauti yao wenyewe, kavu, fupi, kama mtu anayezuia kilio. Nikaijenga kazi yangu juu ya hiyo.

Watu wengi hawaipendi. Nalisema hili wazi kwa sababu wewe huwa unaona wanaokuja kuniita, hata kutoka ng'ambo ya Songwe kwa Waingereza, na unadhani nimeshinda. Wapo wanaoniita mara moja wakasema basi, mama huyu anatutoa machozi mno. Lakini hakuna anayenigongea kwa kijiti. Nakaa ninapotaka, napiga ninavyotaka, na kimya changu kina urefu ninaoutaka mimi. Mafanikio yangu ni hayo tu. Ukiyaweka juu ya mkeka hayafiki katikati.

Babu yako alipokufa, Bujonde walituma watu kwangu. Nilikwenda. Nilikaa mbele, hapakuwa na majani. Mwangoka amezeeka, mikono inamtetemeka, na yeye mwenyewe ndiye aliyenibebea vyungu kutoka njiani, akinitania kwamba sasa tumbo limepata miguu. Nilidhani nikimpigia mkwe yule nitasikia nimelipwa. Nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani, na sikusikia kitu. Mkono ulikwenda vizuri tu, kwa mtu niliyemchukia, kama ambavyo ungekwenda kwa mwanangu ambaye sikuruhusiwa kumpigia. Baba yako alikuwepo na mkewe na watoto wao wakubwa. Alinijia mwishoni akasema, "Ndaga," kama unavyomshukuru mpita njia aliyekupa maji. Hakuniuliza habari zako. Nilimwambia unaimba. Akasema vizuri.

Wewe, Tusekile, una sauti nzuri. Sijawahi kukuambia, na Yeremia amekuambia mara nyingi, ndiyo maana unamfuata. Ni nzuri kiasi kwamba mtu anaisikia asijali unasema nini. Mimi sikuwa na bahati hiyo; kwa sauti yenye mchanga ilinibidi niwe na la kusema. Vyungu unavigonga vizuri pia, lakini unavigonga kama mimi, mpaka makosa yangu. Kule juu watakufundisha kuimba kama mtu mwingine. Hapa utabaki unapiga kama mimi. Sioni kwamba moja ni afadhali. Kitu chako mwenyewe hujakipata bado, na inawezekana usikipate. Wengi hawakipati, na wanaishi, wanalima, wanazaa.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa mdogo na mkali, kwa maneno uliyoyaokota kwa watu, kama ningejua mdogo wako angekufa, ningetoka nyuma ya majani? Nilikutuma maji. Jibu ni kwamba ningetoka. Nimeligeuza jibu hili pande zote kwa muda wote huu, nikitafuta upande ulio laini, na hauna. Si kwamba sikumpenda. Najua uzito wake mapajani mpaka leo. Ningetoka tu. Ni bora ujue umelelewa na mtu wa namna gani kabla hujachagua kufanana naye, au kutofanana.

Basi, ruhusa ninakupa. Kama unataka kwenda, sema. Lakini usiseme huku moyoni unajiambia Mama anajua simaanishi. Sitaelewa hivyo. Nitaamini kila neno. Usiseme kwa sauti ndogo kunihurumia. Nimekwisha kusemwa sana na watu walioinamisha midomo. Na ukishasema, usije huku wakati wa mapumziko kushika vyungu kwa siri, kwa sababu nitakunyang'anya, na machozi yako hayatanigeuza. Kula utakula, kulala utalala, wewe ni mwanangu. Vyungu hutagusa.

Na ukisimama pale ukaona maneno hayatoki, usiyalazimishe. Nyamaza, chukua mzigo wako, rudi. Sitakusifu kwa kurudi. Utaukuta udongo ule ule.

Kesho mtatangulia, nami nitafuata nyuma kwa mwendo wangu. Jumapili nitakuwa Ipinda ndani ya kanisa, hata Yeremia asipopenda. Utaniona, sitajificha. Utakapofika kwenye neno giza, nitazame, na usiondoe macho yako kwangu mpaka umalize. Mimi sitainama.

Mama yako